Edith Cowan: Mbunge wa Kawaida na Miswada Miwili

Muulize mwanaparokia yeyote mbunge wake amefanya nini, naye atakuhesabia kwa vidole: mabati ya zahanati, madawati, jezi za vijana, mchango wa msiba, na pengine gari la wagonjwa. Ni nadra kumsikia mtu akisema, “Mbunge wangu alitunga sheria fulani.” Hatuwezi kuwalaumu wananchi kwa hilo. Miswada karibu yote hutoka serikalini. Waziri huisoma, wabunge wa chama chake huiunga mkono, wapinzani huipinga, kisha kura hupigwa. Mbunge ambaye si waziri, wala si naibu, wala si kiongozi wa upinzani, anabakiwa na nini cha kufanya?

Katika mabunge yaliyofuata desturi ya Uingereza, mbunge wa namna hiyo hukaa viti vya nyuma, kwa kuwa vile vya mbele ni vya mawaziri na vya viongozi wa upinzani. Ana vitu vitatu tu: sauti yake, kura yake, na haki ya kuleta muswada binafsi. Sauti yake hupimwa kwa dakika na Spika. Kura yake humilikiwa nusu na chama, maana mnadhimu anamtazama. Na muswada binafsi umefungwa kamba mguuni, kwa sababu mbunge wa kawaida hawezi kuleta muswada unaotoza kodi au kutumia fedha za umma. Hapa Tanzania kizuizi hicho kimo katika Ibara ya 99 ya Katiba: mambo hayo yanahitaji pendekezo la Rais likiwasilishwa na Waziri.

Ili tuone mtu anaweza kufanya nini akiwa na vitu hivyo vitatu tu, nimemchagua mwanamke mmoja wa Australia Magharibi, Edith Cowan. Alikaa bungeni miaka mitatu, kuanzia 1921 hadi 1924. Hakuwahi kuwa waziri. Alishindwa alipogombea tena.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu “jimbo”. Sisi Wakatoliki tunalo jimbo la askofu, na kama raia tunalo jimbo la uchaguzi. Waaustralia wanalo la tatu. Nchi yao tangu 1901 ni shirikisho la majimbo sita, na kila jimbo lina serikali yake, mahakama zake na bunge lake, mbali na bunge la shirikisho. Australia Magharibi peke yake ina ukubwa wa zaidi ya mara mbili na nusu ya Tanzania. Cowan alikuwa mbunge wa jimbo la aina hiyo ya tatu, katika mji wake mkuu, Perth. Nyumba ya chini ya bunge hilo ilikuwa na wajumbe 50.

Alizaliwa tarehe 2 Agosti 1861 katika shamba la mifugo la Glengarry, karibu na Geraldton, zaidi ya kilomita 400 kaskazini mwa Perth. Jina lake la ukoo lilikuwa Brown. Mama yake alifariki katika uzazi mwaka 1868, Edith akiwa na miaka saba, naye akapelekwa shule ya bweni Perth. Baba yake, Kenneth Brown, alioa tena. Ndoa hiyo haikuwa na amani, na mwanzoni mwa 1876 Brown alimpiga mkewe risasi akamwua. Mabaraza mawili ya wazee wa mahakama yalishindwa kukubaliana, la tatu likamtia hatiani. Alinyongwa Juni mwaka huohuo. Edith alikuwa na umri wa miaka 14.

Wanaosimulia maisha yake hupita hapa haraka, kwa heshima nadhani. Mimi naona ndipo mlango ulipo. Katika mji mdogo wa kikoloni kila mtu alijua yeye ni binti ya nani. Binti huyo, mwaka 1879, aliolewa na James Cowan, mtumishi wa Mahakama Kuu, na mwaka 1890 mumewe akawa hakimu wa Perth. Wakazaa watoto watano. Mambo yaliyoletwa mbele ya mume wake kila siku, yaani walevi, wake waliopigwa, watoto walioiba mkate, yalimfikia nyumbani. Kwa mtu mwingine yangekuwa habari za mezani. Yeye alikwishajua nyumba ikivunjika inakuwaje.

Alifanya kazi za kijamii kwa miaka karibu thelathini kabla ya kugombea chochote. Mwaka 1894 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Karrakatta Club, chama cha wanawake wa Perth cha kusoma na kujadiliana. Mwaka 1906 alishiriki kuanzisha chama cha kulinda watoto, na mwaka uliofuata jimbo likapata sheria iliyounda mahakama ya watoto, ili mtoto wa miaka kumi asisimamishwe kizimbani pamoja na wahalifu wazima. Mwaka 1915 yeye mwenyewe aliteuliwa kukaa katika mahakama hiyo. Alikuwa pia kati ya waliosukuma mpaka ikajengwa hospitali ya uzazi ya King Edward Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1916. Kumbuka mama yake alifia wapi.

Basi ikaja siasa. Wanawake wa Australia Magharibi walipata haki ya kupiga kura mwaka 1899, lakini kuingia katika bunge la jimbo walikatazwa hadi 1920. Haki hiyo yenyewe haikuwa ya wote. Wenyeji wa asili ya nchi hiyo, wanaume kwa wanawake, waliachwa nje ya daftari la wapiga kura, na ushindi wa Cowan haukubadili neno hata moja katika hali yao. Anayesimulia habari hii kana kwamba siku ile milango yote ilifunguka, anasimulia nusu.

Muswada uliowaruhusu wanawake kugombea ulisimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Thomas Draper, ambaye katika mfumo wao ni mbunge na waziri. Draper alikuwa mbunge wa West Perth. Katika uchaguzi wa Machi 1921 Cowan, mwenye umri wa miaka 59, akasimama West Perth, kwa chama kilekile cha Nationalist. Akamshinda Draper kwa kura 46. Mtu alitengeneza mlango kwa mikono yake, na wa kwanza kuupita akamtoa yeye nyumbani. Sijui bunge lingine lenye kisa kama hiki.

Hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la Australia, la shirikisho au la jimbo. Wanaume 49, na yeye. Katika hotuba zake za mwanzo alizungumzia, pamoja na mengine, shilingi moja iliyotozwa kwa kupakia kigari cha mtoto kwenye treni. (Wakati huo Australia ilitumia pauni na shilingi.) Baadhi ya wenzake waliona jambo hilo dogo mno kwa bunge. Lakini mama mwenye mtoto mchanga, asiye na shilingi hiyo, alimbeba mtoto mikononi safari nzima. Wanaume 49 walipanda treni hizohizo miaka yote na hawakuliona, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyesukuma kigari. Bunge huweka viti vingi kwa sababu hiyo: mtu mmoja hawezi kuona kila kitu.

Sasa tuje kwenye miswada yake, maana hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kuelewa kazi hii. Cowan alikuwa na hoja nyingi. Alitaka vituo vya afya ya watoto wachanga, malezi bora kwa wahamiaji wapya, elimu ya maisha ya ndoa na uzazi mashuleni. Alisema hata kwamba mke anayefanya kazi za nyumbani anastahili sehemu ya kipato cha mumewe kama haki, na kwa hilo alichekwa. Karibu yote hayo yalihitaji fedha za serikali, na kwa hiyo mbunge wa kawaida angeweza kuyaomba tu. Aliyoyafanya kuwa sheria yeye mwenyewe ni mawili, na yote mawili hayakuhitaji hata senti kutoka hazina. Sidhani ilitokea kwa bahati.

La kwanza, la mwaka 1922, lilihusu mirathi. Sheria ya usimamizi wa mirathi ilimpendelea baba: mtoto akifa bila wosia na bila kuacha familia, mama hakuwa sawa na baba katika kurithi. Fikiria mama aliyemlea mwanae hadi akawa mtu mzima mwenye akiba yake, kisha anamzika, na baada ya maziko anaambiwa kwamba mbele ya sheria yeye si mzazi kamili. Cowan aliwaweka wazazi wote wawili katika ngazi moja.

La pili ni kubwa zaidi, na historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1900. Mwaka huo msichana mmoja wa Perth, Edith Haynes, alianza kujifunza uanasheria chini ya baba yake, aliyekuwa wakili. Alipofika wakati wa mtihani alizuiwa, na mwaka 1904 Mahakama Kuu ikakubaliana na waliomzuia. Sheria ya mawakili ilisema “mtu” anaweza kusajiliwa. Majaji walisema neno hilo halikukusudiwa kumhusu mwanamke. Hakuna aliyesema Haynes hana akili wala kwamba hakusoma. Kesi nzima iligeukia neno moja.

Kwa karibu miaka ishirini hakuna waziri aliyeona haja ya kulisahihisha. Mwaka 1923 Cowan alileta muswada binafsi, mfupi sana, uliosema kwa maana yake kwamba mtu hatanyimwa kazi ya umma, nafasi ya kimahakama, uanasheria wala taaluma nyingine kwa sababu ya jinsia au ndoa. Angalia alivyofanya: hakuomba upendeleo, wala hakuanzisha ofisi au mfuko. Alilichukua neno lilelile walilolifunga majaji akalifungua. Muswada ulipita katika nyumba zote mbili za bunge, na ya juu ilikuwa na wanaume watupu. Mwaka 1930 mwanamke wa kwanza, Alice Cummins, alisajiliwa kuwa wakili katika jimbo hilo.

Chama chake hakikufurahi naye sana. Alikwishasema kwamba masuala ya chama kwake ni ya pili, akapiga kura alivyoona sawa, mara akiudhi upande wa serikali, mara upande wa Labor. Mbunge wa namna hiyo husifiwa na wote akiwa ameshakufa. Akiwa hai hana wa kumpigia kampeni. Mwaka 1924 alishindwa West Perth, na alipojaribu tena mwaka 1927 alishindwa tena.

Ni haki kumtaja hapa na mwanamke wa pili, aliyechukua njia tofauti. May Holman aliingia bunge hilohilo mwaka 1925, kujaza kiti cha baba yake aliyefariki, kupitia chama cha Labor. Alikuwa Mkatoliki, aliyelelewa na masista katika shule zao. Naye alikaa viti vya nyuma maisha yake yote ya ubunge, lakini alibaki ndani ya chama, na chama kikabaki naye. Eneo lake lilikuwa la wakata mbao, kazi iliyokata pia mikono na miguu ya watu. Mwaka 1926 alisimamia sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa misitu na viwanda vya mbao. Alidumu bungeni hadi kifo chake mwaka 1939, kutokana na ajali ya gari iliyotokea mkesha wa uchaguzi. Ukiniuliza ni yupi kati yao aliyekuwa mbunge bora, nitasita. Holman alipata miaka kumi na minne kwa sababu alikubali nidhamu ya chama. Cowan alipata mitatu, ila hatujui kama chama kingemruhusu kuleta muswada wa 1923 angekuwa mtiifu zaidi.

Cowan aliendelea na kazi zake za kujitolea. Mwaka 1925 aliwakilisha nchi yake katika mkutano wa kimataifa wa wanawake huko Marekani, na mwaka 1926 alishiriki kuanzisha chama cha historia cha jimbo. Alifariki tarehe 9 Juni 1932, akazikwa makaburi ya Karrakatta. Tangu 1995 sura yake iko kwenye noti ya dola 50 ya Australia, na upande wa pili yuko David Unaipon, mwandishi na mvumbuzi kutoka kwa wale wenyeji ambao mwaka 1921 hawakuwa kwenye daftari la Australia Magharibi.

Marafiki zake walitaka kumjengea mnara wa saa katika bustani kubwa ya Kings Park, Perth. Ubishi ukawa mkali, na bodi ya bustani ikakataa. Mnara ulijengwa mwaka 1934 nje ya lango, katikati ya barabara, na hadi leo kila anayeingia bustanini kwa mlango huo hulazimika kuuzunguka.