Majina yaliyomo simuni ni amana

Leo tunapenda kuzungumza na wazazi pamoja na vijana juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi.

Siku chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa msikitini kwetu alitukalisha pembeni akatuonesha simu yake. Mlikuwa na ujumbe uliomwita kijana wa jirani yake mwizi na tapeli, picha yake ikiwa imeambatanishwa, na mwisho ukamtaka mzee amhimize kijana huyo alipe deni. Mzee hakuwa mdhamini wake, wala hakujua kwamba amekopa. Kilichomponza ni kuwa jina lake limo katika simu ya kijana. Ujumbe ule ule ulikwishafika kwa mama mkwe wa kijana, kwa fundi aliyemfundisha kazi na kwa wanakikoba wenzake mkewe. Ijumaa mbili kijana hakuonekana msikitini. "Sheikh," mzee akatuuliza, "na sisi tulioletewa maneno haya, tufanyeje?"

Swali hili linahitaji kwanza tufahamu mambo yanavyokwenda. Mtu akishaweka programu ya mkopo katika simu yake, huulizwa kama anairuhusu kusoma orodha ya majina, ujumbe, picha na mahali alipo. Mwenye shida hubonyeza "ruhusu" bila ya kusoma. Programu husoma ujumbe wa miamala ya fedha, ikakadiria kipato chake na kiasi cha kumkopesha. Orodha ya majina nayo huchukuliwa, ikawa ndiyo rehani. Zamani aliyekopa aliweka bangili au baiskeli. Leo anaweka heshima yake mbele ya watu wake.

Na mkopo wenyewe ni upi? Tuchukue mfano. Kijana anaomba shilingi 100,000, anakatwa 20,000 papo hapo, anapokea 80,000, na baada ya siku 14 anatakiwa arejeshe 100,000 kamili. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 25 katika wiki mbili. Wakiita "ada" au "huduma", jina halibadilishi hukumu ya riba. Si ajabu watu wa mitaani wakaiita mikopo hii "kausha damu".

Ndugu zetu, deni ni jambo zito. Tunajua katika hadithi sahihi kwamba Mtume (SAW) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (RA) alipolibeba deni lile. Basi asije mtu akaifanya makala hii kuwa kisingizio cha kutolipa. Lakini Qur'ani iliyoamrisha deni liandikwe, katika Suratul Baqara aya ya 282, ndiyo hiyo hiyo iliyoamrisha, aya mbili kabla yake, mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Na katika Suratun Nur aya ya 27 tumekatazwa kuingia nyumba za wenzetu mpaka tuombe idhini. Idhini hutolewa na mwenye nyumba. Namba ya mama mkwe ni ya mama mkwe. Kijana amewekewa amana tu. Alipobonyeza "ruhusu", aliifungua milango ya watu wasioulizwa.

Sheria za nchi nazo zimeliona jambo hili. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi za huko 2,975,000 kwa kuwatumia vitisho watu ambao majina yao yalichukuliwa kwa wengine. Mwaka huo huo Google ilizizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma orodha za majina na picha. Lakini programu iliyopakuliwa nje ya duka hilo haishikwi na kanuni hiyo.

Kwa hiyo, mwenye kulazimika kukopa kwanza ahakikishe mkopeshaji ana leseni, na akinyima ruhusa ya majina ikakataliwa, basi aelewe anachotakiwa kuweka rehani. Wazazi nasi tujiulize: kwa nini mtoto wetu aliona ni wepesi kumwambia shida yake mtu asiyemjua kuliko kutuambia sisi? Kama kila akija na haja tunamsomea makosa yake, tumemsukuma wenyewe. Qardhi hasana, yaani mkopo mwema usio na nyongeza, bado ni ibada, na jamaa watano wakichanga wanaweza kumtoa mmoja wao.

Ama mzee wetu, tulimwambia: usiusambaze ujumbe huo, kwani kuusambaza ni kuikamilisha kazi ya aliyeutuma, na kusengenya kumekatazwa katika Suratul Hujurat. Wala usiufute, kwani ni ushahidi wa kijana atakapopeleka malalamiko yake. Mpelekee mwenyewe, ukamjulie hali.

Alikwenda usiku ule ule. Ijumaa iliyofuata tuliwaona wamekaa safu moja.