Maandishi Yanayohubiri: Neno katika Uchoraji wa Siku Hizi

Katika makala hii twakusudia kueleza kwa ufupi kazi za wasanii ambao hawachori sura za watu wala mandhari, bali huandika maneno, na maneno hayo ndiyo picha yenyewe. Jambo hili si geni kabisa kwetu Walutheri. Mwaka 1529 Lucas Cranach alipochora Sheria na Injili, aliweka chini ya picha mafungu ya Biblia. Lakini kwake maandishi yalifafanua picha. Kwa wasanii hawa hakuna picha nyingine ya kufafanuliwa.

Wa kwanza ni Colin McCahon (1919–1987) wa New Zealand. Mwaka 1970 alichora "Ushindi juu ya Mauti 2", turubai yenye upana wa karibu meta 6. Juu ya weusi yamesimama, kwa herufi nyeupe zinazokaribia kimo cha mtu, maneno ya Kiingereza yenye maana ya "MIMI NIKO", ambayo yatukumbusha Jina alilofunuliwa Musa. Kando yake yameandikwa kwa mkono maneno ya Injili ya Yohana, hasa sura ya 12. Atazamaye kwa makini huona upande wa kushoto neno jingine, jeusi, lililozama katika weusi, nalo huyageuza yale makubwa kuwa swali: "Je, mimi niko?" Ungamo na shaka zimo katika turubai moja. Serikali ya New Zealand ilipoitoa zawadi kwa Australia mwaka 1978, wengi waliidhihaki.

Wa pili ni Glenn Ligon, Mmarekani mweusi. Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis waligoma, wakibeba mabango yaliyotangaza: "MIMI NI MTU". Mwaka 1988 Ligon aliyachora maneno hayo. Rangi ilipopasuka, mwaka 2000 alitoa nakala mbili za picha hiyo, moja ikiwa na alama za mtaalamu aliyeonyesha nyufa na madoa yake. Utu umetangazwa, na majeraha yake yameorodheshwa.

Haya yatuhusu nini? Mara nyingi fungu huandikwa juu ya madhabahu kwa herufi safi, na baada ya miaka michache washarika hawalisomi tena. Wasanii hawa hawakulipamba neno. Walimsimamisha msomaji mbele yake ili ajibu. Theolojia ya msalaba nayo haifichi ufa. Basi ahubiriye ungamo pasipo kulisikia swali la aliye kitini, amesoma herufi nyeupe tu.