Dawa ya Bt: kwa nini kiwavi hafi siku ile ile



"Ninyi ba-agronomu, dawa yenu ni maji tu!" Papa mmoja alitupokea hivyo katika shamba lake la mahindi. Jana yake asubuhi alikuwa amepiga dawa ya Bt, na viwavi jeshi bado walikuwa wazima ndani ya moyo wa mimea. Pembeni alikuwa ameweka chupa ya soda yenye dawa kali ya sokoni, bila karatasi wala jina. Alitaka kuipiga siku ile ile, na watoto wake walikuwa wanapalilia mistari ya karibu.

Tulimwomba asubiri. Tulifungua moyo wa mimea michache pamoja naye. Viwavi wakubwa walikuwa wanakula, na mavi yao yalikuwa mabichi. Lakini wale wadogo, wafupi kuliko upana wa kidole, wengi walikuwa wametulia tu. Walikuwa hai, lakini hawali.

Papa huyu hakudanganywa na dawa. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyemweleza inavyoua.

Bt ni nini?

Ni bakteria inayoishi katika udongo, jina lake kamili Bacillus thuringiensis. Si kitu cha juzi. Mwaka 1901 mtaalamu wa Japani, Ishiwata, aliikuta ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa. Baadaye Ernst Berliner wa Ujerumani akaipa jina la jimbo la Thuringia. Tangu 1938, huko Ufaransa, ilianza kuuzwa kama dawa ya shamba.

Bakteria hii, ikitengeneza mbegu zake, inatengeneza pia punje ndogo sana ya protini. Punje hiyo ndiyo sumu. Lakini ukimmwagia kiwavi mgongoni, hana shida. Ni lazima aile pamoja na jani. Tumbo la kiwavi halina ukali kama wa ndimu; liko karibu na maji ya majivu. Humo punje inayeyuka, inashika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula ndani ya masaa machache. Kisha bakteria zinaingia mwilini, na anakufa baada ya siku 2 mpaka 5.

Tumbo letu sisi watu liko na ukali wa asidi, na utumbo wetu hauna mahali pa sumu hiyo kushika. Njo maana Bt haitutishi kama dawa za sokoni. Nyuki pia inawaacha. Hata hivyo, funika pua na mdomo ukichanganya, na unawe mikono ukimaliza.

Namna ya kuipiga

1. Usingoje viwavi wakue. Pita shambani mara mbili kwa wiki. Angalia mimea 10 katika sehemu tano. Mahindi yakiwa bado machanga, ukikuta 10 au zaidi kati ya hiyo 50 imeshambuliwa, piga. Kiwavi mkubwa Bt haimwezi vizuri: mwokote kwa mkono na umponde.

2. Piga magharibi. Jua linaharibu Bt upesi. Papa wetu alipiga asubuhi, na jua la mchana likala dawa yake.

3. Elekeza pompa ndani ya moyo wa mmea, kwa sababu kiwavi anakula humo. Mvua ikiosha majani, rudia.

4. Usichanganye na maji ya majivu wala chokaa, maana yanaharibu punje ya sumu. Fuata kipimo cha karatasi, na maliza dawa siku ile ile uliyoichanganya. Inayobaki katika pakiti iweke pakavu, penye kivuli.

5. Kesho yake usihesabu waliokufa. Tafuta mavi mabichi. Kama hakuna, dawa imefanya kazi.

Mambo mawili ya kuangalia

Bt ya viwavi haichagui kiwavi gani. Usiipige karibu na miti ambako tunaokota viwavi vya kula. Na tusisage viwavi waliokufa tukisema tumetengeneza Bt yetu. Aina fulani za bakteria hii zinatoa sumu nyingine, inayodhuru wanyama wengine pia. Wenye viwanda wanapaswa kupima ili isiwemo. Siye kijijini hatuna namna ya kuipima.

Papa alirudia magharibi ya siku ile, na viwavi wakubwa tuliwaokota pamoja naye. Siku ya nne tulirudi: wadogo wengi walikuwa weusi na walegevu, na majani mapya yalikuwa yanatoka bila matundu mengi. Ile chupa ya soda hakuifungua.

Katika mkutano ujao wa koperative, kila kikundi kichague memba wawili wa kupita shambani mara mbili kwa wiki. Dawa hii inataka macho kabla ya pompa.