Mashini ya Eshek Inahesabu Kuanzia ku Mwisho

Jioni moja, kisha posti ya mchana, tulikuwa Kinsevere tunangojea bisi ya kutupeleka Lubumbashi. Ni kama kilometa 30 tu, lakini bisi ikichelewa, zile kilometa 30 zinakuwa mingi. Wawili walikuwa wanacheza eshek juu ya sanduku: mzee mumoja anayeendesha kamyo, na kijana wa atelie. Sisi wengine tulisimama kuwazunguka, kila mutu na mashauri yake.

Mzee, mwenye vipande vyeupe, alikuwa amebakia na mfalme, fu moja, na pioni moja ku mstari wa mwisho wa kuume. Kijana alibakia na mfalme tupu. Akaangalia ubao, akatikisa kichwa, akaangusha mfalme wake. "Papa, umenishinda," akasema. Watu wakapiga mikono.

Lakini mwenzetu mumoja alikuwa na programu ya eshek mu telefone. Akapanga vipande vile vilikuwa. Telefone ikajibu palepale: nulu. Hakuna mwenye kushinda.

Kelele ikaanza. "Ile telefone yako ni ya bongo!" mzee akasema. "Mimi niko na vipande vitatu, yeye iko na kimoja. Nulu inatoka wapi?" Kijana yeye alinyamaza. Alikuwa anaangalia ubao kama mutu aliyetia sinyatire ku karatasi, kisha akaambiwa ingefaa aisome kwanza.

Ndugu wasomaji, mimi ni mutu wa sendika, si profesa wa mashini. Lakini ile jambo ilinisumbua, nikaitafuta. Nawaletea nilichopata, kwa sababu naona inatuhusu sisi wafanyakazi kuliko unavyofikiri.

Kwa nini ilikuwa nulu

Fu inatembea ku rangi moja tu maisha yake yote. Fu ya mzee ilikuwa ya vyumba vyeupe. Pioni yake ilikuwa inaenda kugeuka malkia ku kona ya juu kuume, na ile kona ni nyeusi. Mfalme wa kijana alikuwa hatua mbili tu karibu na kona. Akishaingia mule, fu haiwezi kumutoa hata siku moja, kwa sababu haigusi vyumba vyeusi. Mfalme anaingia, anatoka, anaingia. Ukimubana kabisa mpaka anakosa pa kwenda na hayuko mu eshek, ile ni pat, na pat ni nulu.

Kwa hiyo kijana hakuwa amepoteza. Alijitoa yeye mwenyewe.

Asijione mujinga. Programu za zamani zilikuwa zinadanganyika vilevile. Zilihesabu vipande kama mutu anayehesabu franga: pioni 1, kavalie 3, fu 3, turi 5, malkia 9. Mwenye kuwa na 4 zaidi, programu inasema huyu anashinda.

Kawaida programu inaangalia mbele: mimi nikienda hapa, wewe utaenda wapi, na mimi nitajibu nini. Katikati ya mchezo, kila zamu iko na njia kama 30 hivi. Kisha zamu chache tu, njia zinafika mamilioni. Basi inafika pahali inasimama na kukadiria. Ni kama dereva wa usiku: anaona pale taa zinafika, mbele zaidi ni giza. Mu mwisho wa mchezo vipande ni vichache, lakini ushindi unaweza kuwa mbali zamu 40 ao 50, na taa hazifiki kule.

Kurudi nyuma

Dawa yake njo hii: usianze ulipo, anza ku mwisho.

Sisi watu wa mine tunajua hesabu hiyo. Siku ya kupiga tir, hatuanzi kuuliza asubuhi tutafanya nini kwanza. Tunashika saa ya tir, tunarudi nyuma: kabla yake watu wote wawe wametoka, kabla ya kutoka mashini ziwe zimeondolewa, kabla ya hapo mashimo yawe yamejazwa. Kila saa inajulikana kwa sababu mwisho unajulikana.

Mashini inafanya vile. Inachukua, tuseme, vipande vine. Inaandika kila namna vinavyoweza kukaa juu ya ubao. Kwanza inatia alama ku zile ambazo mfalme amekwisha kufa. Kisha inauliza: ni wapi mutu anaweza kufika hapo kwa zamu moja? Inatia alama: ushindi kwa zamu moja. Kisha: ni wapi mutu, hata aende njia gani, anaangukia mu mikono ya mwenzake? Alama: huyu amepoteza. Inarudi tena nyuma, na tena, mpaka hakuna alama mupya ya kutia. Zile zinazobakia bila alama njo nulu.

Kazi ikiisha, mashini haifikiri tena. Inafungua daftari na kusoma. Ndiyo maana telefone ilijibu palepale. Haikuwa na akili kupita mzee. Mutu mwingine alikwisha kuihesabia.

Kazi ya miaka 50

Daftari hizo zilianza kidogo kidogo. Mu 1970 Mudachi mumoja, Thomas Ströhlein, aliandika teze juu ya kazi hiyo. Mwishoni mwa ile miaka ya 70, Ken Thompson wa Bell Labs, kule Marekani, alitengeneza daftari ya malkia kupigana na turi. Wacheza wakubwa walisema hiyo ni rahisi kwa mwenye malkia. Walter Browne, grandi metre, akakubali kucheza na mashini. Daftari ilionyesha kama turi inaweza kukamatwa kwa zamu 31. Browne alishindwa kumaliza mu zamu 50. Akarudi nyumbani, akajifunza, akacheza tena, akakamata turi ku zamu ya 50 kabisa.

Kwa nini 50? Kwa sababu sheria ya eshek inasema: zamu 50 zikipita bila kukamata kipande na bila kusogeza pioni, mutu anaweza kudai nulu. Mu 1983 Thompson akaleta shida: fu mbili kupigana na kavalie moja, watu waliamini mara nyingi ni nulu, mashini ikaonyesha ni ushindi, lakini inaweza kuomba zamu 66. Sheria ifanye nini? FIDE, shirika la eshek la dunia, iliongeza hesabu kwa michezo fulani, na mu 1992 ikarudisha 50 kwa wote. Basi leo kuna ushindi wa kweli ambao sheria inauita nulu. Sisi mu sendika tunajua jambo hilo: unaweza kuwa na haki yako mukononi, na siku za kuidai zikapita.

Mu 2012, Warusi wa inivesite ya Moscow walimaliza daftari ya vipande saba, kwa ordinatere kubwa inayoitwa Lomonosov. Mule kuna ushindi mumoja unaoomba zamu 549. Daftari ya Syzygy, iliyoanzishwa na Ronald de Man, ilifika vipande saba mu 2018: miliari zaidi ya 400.000 za namna vipande vinaweza kukaa. Ya vipande vitano inaomba karibu gijabaiti moja, inaingia mu telefone. Ya saba inaomba gijabaiti karibu 18.000.

Michezo yetu

Usiseme hiyo ni mambo ya wazungu tu. Mu 2002, kule Amsterdam, John Romein na Henri Bal walitumia njia ileile ya kurudi nyuma ku mchezo wa wari, ndugu wa kisolo chetu, wenye mashimo 12 na mbegu 48. Walihesabu namna miliari 889, wakaimaliza yote. Jibu: wote wawili wakicheza bila kosa, ni nulu. Wazee wetu walijua uzito wa ubao ule. Sanamu ya mfalme Shyaam wa Wakuba, kule Kasai, inamuonyesha na ubao wa mbegu mbele yake.

Tunapata nini

Mambo matatu.

La kwanza: mashini nayo ina mwisho wake. Ku vipande vinane inarudi kukadiria kama sisi. Tena daftari inakuambia "nulu", haikuambii kwa nini. Patron akikuletea hesabu na kusema "ordinatere njo imesema", muulize: imehesabu namna gani, na nani aliipa namba?

La pili: mukiingia mu mashauri na patron, musianze na kelele ya leo. Mujiulize kwanza: tunataka kutoka hapa na nini? Kisha murudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka siku ya leo.

La tatu njo linaniuma. Nimeona wafanyakazi, siku ya kufukuzwa, wanawekewa dekonti finale mbele. Wanaona upande mwingine uko na biro, avoka na mihuri, wao wako na mikono tupu. Wanatia sinyatire haraka, wanarudi nyumbani na franga kidogo. Bibi anauliza: "Ulisoma?" Anajibu: "Kusoma nini, nilikuwa nimekwisha kushindwa." Miaka ya kazi hawakuihesabu, konji hawakuihesabu, preavi hawakuihesabu. Mara mingine kona ilikuwepo, hatua mbili tu. Ndugu, kabla ya kuangusha mfalme, omba siku moja. Mwite delege. Muhesabu pamoja.

Kesho yake, wale wawili walipanga vipande tena vilevile. Kijana akaingiza mfalme wake mu kona. Mzee akasukuma pioni, akarudisha fu, akazunguka, akajaribu tena. Bisi ikafika, dereva akapiga honi. Mzee akaangalia kijana, akamupa mukono. "Nulu," akasema. "Lakini jana ulinipa bure."