Uwele Usiongoja Mvua Kwisha

Katika nyanda za mchanga za Namibia ya kaskazini, ambako mvua huanza kwa kusitasita mwezi wa Novemba na aghalabu hukatika kabla Aprili haijatimia, chakula cha watu ni uwele, nao huuita mahangu. Na uwele wao wa asili, ijapokuwa ni mrefu wa kimo na mvumilivu wa jua, hukawia kuchanua hata unyevu ukaisha ardhini, masuke yakabaki mapepe. Ndiyo maana wakulima wa huko, walipoonyeshwa mbegu za namna nyingi, waliichagua ile iliyotolewa rasmi mwaka 1990 kwa jina la Okashana 1, ambayo nasaba yake ni ya Togo na jirani zake, ikavuka bahari hadi kwa watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, huko Bara Hindi, kisha ikarejea Afrika.

Uwele huu ni mfupi, punje zake ni nene, na huwahi kuiva majuma manne hadi sita kuliko wa asili. Si kwamba unaushinda ukame, bali huukimbia: hujaza punje maadamu udongo ungali na maji.

Kilimo chake hakina makuu. Mbegu hufukiwa kina cha vidole viwili mvua ya kwanza ya kutosha inyeshapo, miche hupunguzwa mapema, na palizi ya kwanza haikawizwi, kwa kuwa mche wa uwele hukua polepole mwanzoni na magugu huupita upesi. Ukitaka kujua kama umekomaa, pukusa punje chache kiganjani utazame ncha zilizoshikana na suke. Zikiwa na doa jeusi, chakula hakiingii tena ndani.

Lakini kuwahi kuna gharama yake, na hapa nadhani wasifiaji wa mbegu hii husema machache mno. Shamba liivalo peke yake, huku ya majirani yangali mabichi, ndilo karamu ya kweleakwelea, ndege ambao kundi lao likitua asubuhi halibakizi cha maana jioni. Dawa iliyo bora kuliko makelele na makopo ni majirani kupanda mbegu moja kwa siku zinazokaribiana. Tena ua la uwele lina ajabu: nyuzi nyeupe za kike hujitokeza suke zima siku kadhaa kabla ya chavua ya kiume ya suke lilo hilo, basi hupokea ya shamba la pili iletwayo na upepo, na mbegu isiyochaguliwa katikati ya shamba huipoteza sifa yake ya kuwahi mwaka baada ya mwaka.

Hali kadhalika, punje zake nono hupendwa mno na fukusi ghalani. Kwa hiyo wengi hawakuutupa uwele wa asili: hupanda aina zote mbili, wakala Okashana kwanza, na ule mgumu wakauweka akiba.