Maji Yanayobaki Ndani ya Injini Baada ya Rejeta Kumwagwa

Katika magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990 ambayo bado yanatembea kwa wingi Afrika Mashariki, Toyota Starlet ikiwa miongoni mwa yanayofahamika zaidi, injini inayochemsha mara nyingi haikuchoka kwa uzee, bali imeliwa polepole na maji yanayozunguka ndani yake. Injini ya 4E-FE iliyofungwa katika matoleo mengi ya gari hilo, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,331, ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini, na metali hizo mbili zinapounganishwa na maji yenye chumvi hutokea mkondo mdogo wa umeme unaoitafuna alumini. Kwa sababu hiyo kulanti, yaani kimiminika cha kupozea kinachochanganya glikoli na dawa za kuzuia kutu, ina kazi kubwa hata mahali ambapo maji hayagandi kamwe, na dhana kwamba hiyo ni bidhaa ya nchi za baridi, na kwamba Mombasa au Dar es Salaam maji ya bomba yanatosha, imeharibu silinda hedi nyingi zilizostahili kuishi.

Maji ya kisima yana madhara yake ya pekee, kwa kuwa chokaa iliyoyeyuka ndani yake hujitenga maji yanapopata moto na kuganda palipo na joto kali zaidi, ikifanya ukoko kama ule wa ndani ya birika, ambao hupitisha joto kwa shida na kuiacha metali iliyo nyuma yake ikiungua ingawa rejeta imejaa. Kulanti nayo haidumu milele: glikoli hubaki, lakini dawa za kuzuia kutu huisha, na zile za aina ya zamani hukadiriwa kudumu takribani miaka 2.

Kazi ya kumwaga huanza injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu kifuniko cha rejeta huyaweka maji chini ya shinikizo, na kukifungua kungali moto huyafanya yachemke papo hapo na kumrukia aliye karibu. Swichi ya hita huwekwa upande wa joto, ili katika magari yenye valvu ya hita njia hiyo nayo iwe wazi, kisha koki iliyo chini ya rejeta hufunguliwa. Hapa ndipo kazi nyingi za gereji huishia, na hapa ndipo kasoro ilipo, kwani sehemu kubwa ya maji machafu hubaki ndani ya bloku, na hutoka tu iwapo plagi ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku itafunguliwa pia. Baada ya hapo mfumo hujazwa maji safi, injini huwashwa mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, ishara kwamba thermostati, ambayo ni valvu inayofunguka kwa joto, imefunguka. Kisha injini huachwa ipoe na maji kumwagwa tena, na mzunguko huo hurudiwa hadi yanayotoka yawe meupe. Kumimina maji baridi katika injini ya moto kwa kuharakisha kazi kunaweza kupasua silinda hedi.

Ujazaji unahitaji hesabu ambayo wengi huiruka. Maji ya kusafishia hayatoki yote, hivyo atakayemimina mchanganyiko uliokwisha kupunguzwa nusu kwa nusu atapata kulanti hafifu kuliko alivyokusudia; katika mfumo wa lita 5 ni salama zaidi kutangulia na lita 2.5 za kulanti isiyochanganywa, kisha kujazia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa chumvi kwa kugeuzwa mvuke. Chupa zinazouzwa kama maji ya betri zisomwe kwa makini, kwa sababu nyingine zina asidi. Hewa nayo lazima itolewe, kwa kumimina taratibu, kuminya mipira na kuiacha injini ikinguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakome.

Thermostati iachwe mahali pake, au ibadilishwe ikiwa imekwama, na isitupwe kama inavyofanywa mara kwa mara kwa nia ya kuipoza injini, kwani bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Kulanti iliyomwagwa ikusanywe katika chombo chenye kifuniko, mbali na watoto, mbwa na paka, kwa kuwa glikoli ya ethilini ina utamu na huua figo. Iwapo baada ya yote haya maji yanaendelea kupungua, au oili inageuka rangi ya maziwa, huenda tatizo limekwisha kufika kwenye gasketi ya silinda hedi, na hapo hakuna usafishaji wa rejeta utakaolitibu.