Swichi Isiyoshikika kwa Mkono

Aghalabu mtu aionapo swichi ya mtandao, kile kijisanduku chenye taa za kijani zipepesazo katika ofisi na maduka ya Voi na Taveta, hudhani kwamba maarifa yake yote yamo katika chuma na nyaya zake; kumbe kazi za sanduku lile ni mbili, na mojawapo haina haja ya chuma hicho hata kidogo. Ya kwanza ni kuchukua, yaani kuipokea pakiti ya habari kwa mlango mmoja na kuitoa kwa mwingine. Ya pili ni kuamua pakiti ipi ipite, ipite wapi, na ipi ikataliwe. Kwa miaka mingi kazi hizo zilifungiwa pamoja, na mnunuzi hakuwa na hiari ila kuridhia uamuzi wa kiwanda.

Mkulima wa Mahoo, huko Taveta, aliyezoea maji ya mifereji, hatapata taabu kufahamu kwa nini kuzitenga ni jambo la maana. Maji hayajui zamu ni ya nani. Hufuata mlango uliofunguliwa, na amri ya kuufungua hutoka kwa kamati iliyokaa kivulini, mbali na tope. Fikira ya namna hiyo ilimshughulisha Martin Casado alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na mwalimu wake Nick McKeown na Scott Shenker wa Berkeley. Mwaka 2007 walianzisha kampuni ya Nicira. Mwaka 2008 ikatangazwa itifaki ya OpenFlow, ambayo kwayo programu moja huziamuru swichi nyingi kutoka mbali. Na mwaka 2009 ikatoka Open vSwitch, swichi iliyoandikwa yote kwa programu, halali kwa kila mtu kuisoma na kuitumia bila malipo. Sehemu yake ya ndani ilikubaliwa katika kiini cha Linux, toleo la 3.3, Machi 2012, na Julai mwaka huohuo kampuni ya VMware ikatangaza kuinunua Nicira kwa zaidi ya dola bilioni 1.2, mali nyingi kwa kampuni ambayo bidhaa yake haikuweza kupimwa kwa mizani.

Hivi leo mwanafunzi wa Mahoo, akiwa na kompyuta ya mitumba yenye Linux, aweza kuigawa katika vyumba viwili vitatu vya mtandao, kila kimoja na anwani yake, akaviunga kwa nyaya pepe, ncha moja chumbani na ya pili katika swichi, kisha akazitazama pakiti zikienda na kurudi pasipo yeye kununua waya hata wa shilingi moja. Amri zenyewe hazijazi ukurasa. Ndani ya swichi mna programu mbili za kukumbukwa: ovsdb-server, itunzayo daftari la milango na mipangilio, na ovs-vswitchd, yenye mamlaka ya kuamua. Pakiti ya kwanza ya mkondo mgeni inapofika, kiini cha Linux, kisichoujua mkondo huo, huipeleka kwa ovs-vswitchd, ambayo hupekua jedwali la kanuni na kutoa hukumu. Hukumu hiyo huhifadhiwa katika kiini, na pakiti zifuatazo za mkondo huo hupita bila kuuliza tena. Lau kila pakiti ingalipelekwa kuulizwa upya, swichi hii isingalifaa ila kwa mchezo.

Hata hivyo upo mtego uwanasao wengi mapema, nao ni kuiingiza kadi halisi ya mtandao katika swichi ilhali anwani ya kompyuta imebaki juu ya kadi ileile. Mawasiliano hukatika papo hapo, na aliyeko Mahoo akiitengeneza seva iliyoko Voi hatakuwa na njia ya kuifikia ila kwa matatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Anwani yapasa kuhamishiwa kwenye mlango wa ndani, wenye jina la swichi yenyewe. Tena kuna balaa la kitanzi: swichi mbili zikiungwa kwa njia mbili, tangazo moja huzunguka na kuzaliana hata mtandao mzima ukalemewa, kwa kuwa kinga iitwayo STP haifanyi kazi katika Open vSwitch mpaka iamrishwe.

Mimi sioni busara kwa mwenye mashine pepe mbili tu, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta moja, kujitwisha haya yote; daraja la kawaida la Linux lamtosha, na fahari ya kutumia chombo kikubwa si hoja. Stahili ya Open vSwitch ni pale ambapo seva ni nyingi, wateja wasiojuana hukaa katika mashine moja, na kanuni hubadilika mara kwa mara.

Hapo ndipo linapokuja suala la msimamizi, ile programu iamuruyo kutoka mbali, kutoweka ghafla. Isipoagizwa vingine, swichi humngoja kidogo, kisha hushika tabia ya swichi ya kawaida, jambo ambalo ni heri kwa mawasiliano lakini si heri kwa ulinzi, maana makatazo yaliyowekwa hayafuatwi tena. Mwenye amana ya kulinda huchagua hali nyingine, ambayo kwayo swichi hushikilia kanuni ilizonazo wala haijitungii mpya. Na umeme ukikatika, daftari la milango husalia katika diski, bali kanuni zilizoandikwa kwa mkono katika jedwali hufutika zote. Kwa hiyo fundi mwenye hadhari huziweka katika faili, akaiagiza Linux izisome kila iwashwapo.